Vidato Kumi na Tisa

Bwana Teesdale wa Toledo aliuza majiko,
majiko ya chuma, meusi, yenye makucha ya simba miguuni,
na kila theluji ilipoanguka Ohio
kasha lake la fedha lilinona.
Aliipasha moto nusu ya nchi,
mwenyewe akilala na soksi mbili mbili,
kifua kikikoroma kama bomba lenye kutu.
Mganga hajigangi.

Basi akanunua jua.
Alilinunua kwa ekari, huku kwetu kusini mwa Florida,
mbu na mikoko akapewa kama bakshishi.
Yakaja mabehewa ya marumaru,
ikaja michungwa iliyokwisha kuzaa, mizizi imefungwa magunia,
akaja msanifu mwenye mbwa mdogo kwapani
aliyetaja Venisi kila alipofungua kinywa.

Baba yangu, Osborn Culmer, fundi mawe,
alivuka kutoka Eleuthera na patasi tatu na deni.
Dola moja na robo kwa siku.
Mtaliano aliyechonga malaika alipata nne,
na malaika wenyewe, alisema baba,
walikuwa na magoti ya mbuzi.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilimpelekea chakula mchana,
nikipita mlango wa jikoni,
nikikota unga wa mawe kwenye nyusi zake kwa ukucha.

Nyumba ilipokaribia kwisha, Bwana akaja kuitazama.
Akazunguka. Akanuna.
"Ni mpya mno," alisema.
Alitaka nyumba iliyokwisha kufiwa.

Basi amri ikashuka kwa baba:
ngazi kuu, vidato kumi na tisa, zizeeshwe.
Kila kidato kibonyee katikati,
kana kwamba wakuu na mabibi wa miaka mia nne
wamepanda na kushuka, wengine walevi, wengine wajane.
Baba akacheka hadi akakaa chini.
Kisha akavua kiatu,
kwani hakuujua mguu wa mwana wa mfalme una kimo gani;
aliokuwa nao ni wake.
Akaukanyagisha juu ya jiwe, akauzungushia mkaa,
akaanza kuchimba.

Wiki sita.
Mama akamuuliza, "Wanakulipa uharibu kazi yako mwenyewe?"
"Wananilipa nipite," alisema.
"Miaka mia nne kwa wiki sita. Nani amewahi kwenda mbio hivyo?"

Januari Bwana akaingia na behewa lake mwenyewe,
watumishi kumi na mmoja,
na nyuma yao, ndani ya unga wa mbao,
mapande ya barafu kutoka ziwa la Michigan
kwa ajili ya maji yake ya ndimu.
Mtu aliyeikimbia baridi akaiagiza kwa treni!
Ngazi hakuzipanda.
Mapafu yalikataa. Alipandishwa kwa lifti,
kisanduku cha shaba kilichokoroma kama yeye.

Nilimwona mara moja tu, rosheni ya juu,
blanketi hadi kidevuni, jua la saa sita likimchoma,
na bado akitetemeka.
Aliinua mkono.
Sijui kama alinipungia mimi
au alifukuza mbu.

Majira matatu ya baridi, akafa. Nyumba ikapata ilichokosa.

Siku hizi naruhusiwa lango la mbele. Kiingilio dola mbili.
Kijana mwenye tai anawaambia wageni
kwamba ngazi hizi zililetwa kwa meli kutoka jumba la Italia,
"tazameni zilivyolika."
Wanatazama. Mama mmoja anapiga picha.
Nangoja wasogee chumba cha piano.
Navua kiatu, taratibu, goti si la jana,
naweka mguu kwenye kidato cha tatu.
Baba alikuwa na dole gumba lililopinda kushoto.
Jiwe nalo limepinda kushoto.

"Bibi," ananiita mlinzi, "viatu havivuliwi humu."
"Napita tu," namwambia.