Majiko ya Mama

Ulan Bator, mtaa wa juu, alfajiri,
baridi digrii thelathini na moja chini ya sifuri,
moshi wa makaa umelala juu ya mahema ya sufi
kama paka aliyekataa kufukuzwa.
Nimelichochea jiko lako, mama Norovsuren,
nimeliachia makaa mawili mekundu,
nikashuka na basi la kwanza
kwenda kuyatazama majiko yako mengine.

Hayo hayana bomba wala mlango wa chuma.
Yamo elfu, pengine elfu mbili, katika kila seli ya ini,
madogo hivi kwamba unywele mmoja
ungeyabeba mia kwenye upana wake.
Mitokondria: jina refu, kitu kifupi.
Humeza sukari, humeza mafuta, humeza pumzi,
hutoa nguvu ya kukuinua kitandani
na ile unayoitumia kunigombeza.

Kipande cha ini lako kilinifikia Jumanne
ndani ya kichupa, namba tu, jina limefichwa.
Taratibu haitaki nijue.
Lakini siku ile mgonjwa mmoja tu alichomwa sindano ya ini,
na mimi ndiye niliyemshikia koti.

Nilikikata kwa kisu cha almasi,
nikakipaka risasi, nikakipaka urani,
nikawasha hadubini ya elektroni.
Mzee Choijilsuren akapita nyuma yangu,
akatazama, akaguna, akaenda zake.

Yamevunjika, mama.
Yaliyokuwa marefu, yameshikana mikono,
sasa vipandevipande, yamevimba,
mikunjo yake ya ndani imelala
kama shuka iliyopigwa pasi.
Mengine seli imekwisha kuyafunga mifukoni
iyale yenyewe.

Aliingia nawe ukiwa na miaka tisa, shule ya bweni,
watoto arobaini kwenye foleni, sindano ya kioo moja.
Mgeni njoo, mwenyeji apone?
Huyu alikuja hana jiko, hana kuni,
hana hata sufuria;
ana karatasi moja ya maagizo
na njaa.

Juu ya ukuta wa kila jiko kuna kengele,
protini iliyosimikwa kwenye utando.
Akinuswa mgeni, hulia,
na seli nzima huamka, na jirani zake huamka.
Yeye hakuivunja. Angeivunja tungesikia.
Alikuja na mkasi,
akaikata shinani, taratibu,
ikabaki inaelea, nzima, bubu.

Kisha akaanza kupasua majiko.
Si kwa hasira. Jiko zima, likizidiwa, huweza kuamua
kuibomoa nyumba na mgeni akiwa ndani.
Vipande haviamui.
Hakutaka nyumba ianguke, mama;
alitaka nyumba ya baridi inayosimama,
miaka thelathini na minane,
nawe unasema ni uchovu tu,
ni uzee, ni huu moshi.

Vidonge vipo. Wiki kumi na mbili, kimoja kwa siku.
Mgeni atatoka, daktari ana hakika.
Kuhusu makovu hana hakika,
na kuhusu majiko sikumwuliza.

Yangu yote ni yako, unajua?
Baba hakunipa hata moja.
Ulinigawia moto kabla hujanipa jina,
kama jirani anavyokuja na koleo kuomba kaa,
ila mimi sikuomba.

Saa tisa mchana, pembeni kabisa mwa picha,
nililiona moja: refu, jeusi,
mikunjo yake imejaa kama kitabu kilicholowa.
Nikalipiga picha mara nne.
Sikuliandika kwenye ripoti.
Ripoti ina safu ya vilivyovimba, safu ya vilivyopasuka,
safu ya vilivyoliwa.

Nyumbani ulikuwa umekaa na koti mwilini,
chai ya chumvi imeganda utando.
"Ariunzul, umeacha moto ufe."
Nikapiga magoti, nikafungua mlango wa chuma.
Ndani, chini ya jivu, sikuwa na hakika.
Nikapuliza.