Taa ya Barabara ya Kumi na Tatu

Fundi Zahoro konani, kaibiwa baskeli,
Tukaketi Ngamiani, mtaa wetu kamili,
Daftari mkononi, mchango elfu mbili,
Bi Mwanakombo nyumbani, hakutoa, hakujali.

Taa tukainunua, kila mwamba ngoma kwake,
Mjumbe kanyong'onyea, kashika kidevu chake,
Konani kuangalia, ukuta kumbe ni wake!
Ni nani wa kumwendea, tumeteta jina lake?

Mlango nilipobisha, kajibu: "Ehe, mwanangu?
Mwaka wa tatu waisha, ni hodi ya kwanza kwangu.
Fungeni, nitaiwasha, umeme wa luku yangu."
Kalamu nikaishusha: deni si lake, ni langu.