Mstari wa Rangi ya Kucha

Bukuru, funguo hizi mbili zinafanana.
Wenye meno yaliyolika ndio wa kabati la chini.
Usiuzungushe kwa nguvu. Ukigoma, upulizie.

Humo mna chupa moja pana, ya kioo kinene,
iliyokuja kwa treni, ndani ya bati, ndani ya pumba za mbao,
mwaka ambao Gungu bado ilikuwa vumbi tupu.
SODIAMU: mwandiko ni wangu.
Karatasi ya kiwandani ililiwa na mende.

Ukiikata ni laini, kama sabuni ya mche iliyolala majini
(mfano mbaya huo, lakini ndio nilio nao),
na ndani inang'aa.
Itazame upesi,
maana kabla hujamaliza kuwaambia wanafunzi "tazameni"
imeshavaa kijivu.
Hewa tu hiyo. Hewa hii hii tunayohemea.

Kipande cha kufundishia kisizidi punje ya choroko.
Koleo kavu, kisu kikavu, viganja vikavu,
na huku kwetu, ziwa likipumua alfajiri,
hata ukuta hutoka jasho.
Miaka ishirini na sita nimefuta kisu hiki kwa gazeti,
habari zake zikishakauka.

Masalia usitupe kwenye sinki.
Alitupa mwalimu wa mazoezi, kijana wa watu;
bomba likabweka mara moja tu
na hadi leo sinki ile imefungwa kwa waya.
Moto ukiwaka, usikimbilie maji.
Ndoo ya mchanga iko nyuma ya mlango,
mchanga wa Kibirizi,
nimeukaanga mwenyewe kwenye sufuria
majirani wakidhani nimechanganyikiwa.

Sasa, mstari.
Kwenye kioo kuna mstari mwekundu, rangi ya kucha
ya binti yangu, kabla hajaolewa Kasulu.
Mafuta ya taa yasishuke chini ya hapo.

Mwaka ule umeme ulipokuwa ukikatika hata wiki nzima
yalishuka. Kidole kimoja. Kisha viwili.
Nikajaza.
Yakashuka.
Kipande cha juu kikachomoza kichwa,
kimeota ukoko mweupe, kama wa wali.
Usiku nikarudi shuleni na tochi.
Ntahondi, mlinzi, alikuwa kibarazani,
koroboi inawaka,
mwanawe wa darasa la saba
kalala juu ya daftari la hisabati,
na moshi ule ulinukia kabati langu.

Sikusema neno. Mkuu wa shule hajui hadi leo.
Jumatatu iliyofuata nikampelekea nusu lita,
na kila mwezi baada ya hapo, kwa fedha yangu.
Mstari haukuachwa wazi tena.

Nusu lita hiyo haimo kwenye leja, usiitafute.
Siku hizi tuna umeme wa jua juu ya paa,
mtoto yuko chuoni Tabora,
na Ntahondi bado huipokea kwa mikono miwili.
Sijawahi kumuuliza anaifanyia nini.
Nawe usimuulize.

Haya. Chupa moja, ndoo moja, makoleo mawili.
Tia sahihi hapa, chini ya yangu.
Hapana, ngoja.
Kausha mkono kwanza.