Kubangua

Ndoo ilianguka saa kumi na moja jioni, Newala,
mahali ambapo maji huhesabiwa kama noti,
na kabla haijamaliza kubingirika
nilikuwa nimekwisha kupiga kelele.

Somoe ana miaka tisa.
Hakulia. Ndilo lililonitisha baadaye:
alisimama na kata mkononi, akaitazama miguu yangu
kama mtu anayepima wingu litaangukia wapi,
kisha akaenda kujibanza nyuma ya mifuko ya salfa
akaanza kukohoa, kidogo kidogo, kwa adabu.

Mimi nimelelewa na mlango.
Marehemu baba alipoufunga taratibu, tulikula;
alipoubamiza, tulilala.
Ukimuuliza, "Baba, una nini?" alisema, "Nimechoka."
Alichoka alipofiwa, alichoka alipodhulumiwa,
alichoka hata siku dada Nambunga alipoolewa
na machozi yakamlenga mbele ya watu.
Neno moja, kama koti la marehemu:
tulilirithi wanaume wote wa nyumba ile
likatubana kwapani.

Uani Mwanahawa alikuwa anakaanga korosho
juu ya bati alilolitoboa kwa msumari.
Unajua ganda la korosho lilivyo,
mafuta yake hayana mjomba wala shemeji.
Ukiipasua mbichi kwa meno, midomo inavimba juma zima.
Ukiinamia bati, inakurukia jichoni.
Nikavuta jiwe, nikakaa, nikainua mkono.
"Paka majivu kwanza," akasema, bila kunitazama.
"Na usigonge kama unayelipa kisasi. Utapata unga."

Nikapaka majivu.
Ya kwanza ikawa unga.
Ya pili ikawa unga.

Ya tatu, sijui kwa nini, nikasema:
"Si maji."
Akaendelea kugeuza.
"Si maji, Mwanahawa. Ni kule ghalani.
Magunia yangu manne wameyaandika daraja la pili.
Karani kasoma kwa sauti, na Mchopa alikuwepo,
yule niliyemwambia mwaka jana kwamba hajui kuanika.
Akacheka. Wala hakucheka sana."
"Kwa hiyo una hasira."
Nikalionja neno hilo. Halikukaa sawa mdomoni.
"Hasira ilinikuta njiani, juu ya baiskeli.
Pale ghalani ilikuwa aibu."
Nikalisema, na sikufa.
Jogoo wa jirani akapita akidonoa unga wangu.
"Na salfa ya mwakani," nikasema, "sijui nitanunulia nini.
Naogopa."

Moshi ukageuka upande wetu. Macho yakaniwasha.
Sikuusingizia moshi.

Nilikwenda nyuma ya mifuko,
nikachuchumaa mpaka magoti yakalia.
"Nilikupigia kelele, na kosa halikuwa lako.
Nilibeba aibu kutoka kwingine, nikaja kuimwaga hapa."
Somoe akafikiri. Ana tabia hiyo, ya mama yake.
"Kama mimi na ndoo?"
"Wewe iliteleza. Mimi nilibeba vibaya."
"Niliogopa," akasema. Halafu, kwa sauti kubwa zaidi:
"Na nilikasirika. Bado nimekasirika."
Ulimi wangu ukalifuata lile koti la zamani,
nyamaza, mtoto hasemi hivyo na baba yake,
ukaligusa, ukaliacha palepale msumarini.
"Bado mpaka lini?"
"Sijui. Mpaka kesho, labda."
"Haya. Kesho nitauliza."

Hakunikumbatia. Alikula korosho sita,
zile zilizotoka nzima,
akaniachia vipande.

Maji hayakurudi. Alfajiri nilifunga madumu kwenye baiskeli
niteremke bondeni, kidole changu cha shahada kina doa jeusi
la ganda, lile lisilotoka kwa sabuni.
Nyuma yangu mlango ulifungwa.
Nikasimama, kwa mazoea ya miaka arobaini, kusikiliza
umefungwa vipi.

Ulibamizwa, kidogo.

Basi bado.
Nitauliza nikirudi.