Boya la Shaba

Waliileta asubuhi, ikivutwa na trekta la chai,
Pijo 404, rangi ya maziwa yaliyolala,
na mvua ya Tukuyu, ile isiyo na haraka ya kwenda kwao,
imekaa juu ya boneti kama mwenye gari.

Mama Anyitike akashuka na mwavuli uliovunjika ubavu.
Akasema: "Inakunywa, fundi. Inakunywa kuliko marehemu."
Sikucheka. Nilimjua marehemu.

Nikafungua. Harufu ikanitangulia:
petroli imelowesha ubavu wa injini,
plagi nne nyeusi kama matako ya chungu.
Kila fundi aliyepita ameacha alama yake humu:
waya wa uzio, mpira wa baiskeli, kipande cha kanga.
Mmoja, wa Dar, aliipima kwa hewa ya baharini,
hewa nene, ya kutafuna.
Huku kwetu hewa ni ya kugawana.
Ukiipa injini petroli ya pwani inapaliwa,
inatema moshi mweusi, Kiwira nzima inajua umepita.
Lakini hilo ni kosa la kipimo.
Kulikuwa na kosa la siri.

Kabureta nikailaza kwenye sinia la chai,
maana kitu kidogo kikidondoka kwenye tope hili
kitaota mgomba kabla hujakiokota.
Nikapanga: jeti kubwa, jeti ndogo, sindano,
springi nyembamba kama kope,
gasketi iliyokakamaa kama dagaa.
Lusubilo, kijana wangu, akaja na pini azibue tundu la jeti.
Nikamkamata mkono.
"Hili halichokonolewi. Lipulize."
Akapuliza. Likapiga mluzi.

Ndipo nikalitoa boya.
La shaba, dogo, lingejaza kiganja cha mtoto.
Nikalitikisa sikioni, jinsi mama alivyotikisa mayai sokoni,
nalo likanijibu: chubwi.

Yai viza.

Kazi yake yote hili ni kuelea:
petroli ikipanda, lipande nayo, lisukume mlango,
liseme basi, yatosha.
Nalo limeinywa ile ile iliyopaswa kulibeba,
likalala chini, mlango wazi usiku na mchana.
Nilimweleza Mama Anyitike hivyo hivyo, kama fundi,
sikuwa na maana nyingine.
Akaliangalia muda mrefu.
Akaufunga mwavuli, mvua ikiendelea.

Nikachemsha maji, jiko nikalisogeza mbali kule uani,
nikalizamisha boya kwa koleo.
Vikatoka viputo, kimoja kimoja,
kwenye ufa ambao jicho langu, hata na miwani, halikuuona.
Nikalirudisha, nikalirudisha,
mpaka nilipolitikisa tena likakaa kimya.
Kisha nikalehemu: tone la risasi, punje ya ulezi, si zaidi.

Hapo mafundi wengi hukosea.
Risasi ina uzito.
Boya lililozibwa si boya lile la kwanza;
litaelea chini kidogo maisha yake yote.
Basi nikaukunja ulimi wake, unene wa ukucha,
lipate kufunga mapema.

Saa tisa ikawaka.
Ikatetemeka, nikarudisha choki, ikatulia,
sauti ya mtu anayeongea peke yake akimenya viazi.
Mama Anyitike akanilipa nusu kwa noti, nusu kwa debe la viazi vyenyewe,
kisha akaketi. Kiti cha abiria.
"Twende mpaka Isyonje," akasema, "nione."

Tukapanda. Migomba ikabaki chini,
Rungwe imejifunika blanketi mpaka kidevuni,
wanawake wa njegere wakatupungia, au walipungia gari,
kuna waliolikumbuka.
Kwenye kona ya mwisho, pale baridi inapoanza kuuma masikio,
ikakohoa. Mara moja.

Akanitazama.
Nikapangusa kioo, kilikuwa safi.

"Yeye aliapa," akasema, "kila Jumatatu."

Nikarudi gia ya pili.
Ikapanda.