Friji ya Bi Eduviges

Nilikuwa nimekuja kula tu,
siku ya soko, Atlixco, saa saba mchana,
na volkano nyuma ya kanisa ikipumua majivu
membamba kama unga unaobaki chini ya gunia.
Meza tano. Vitambaa vya plastiki vyenye picha za machungwa.
Ubaoni, kwa chaki: supu ya maharagwe,
kuku wa mole, na juu yake neno LEO
ambalo hakuna aliyewahi kulifuta.

Lakini ukishajulikana kuwa fundi
hukai mezani.
"Heladio," akasema Bi Eduviges, hata sijavuta kiti,
"lile zee langu linakohoa."

Zee lake ni friji. Marehemu alilinunua kwa mkopo
mwaka ule Otilia alipoota jino la kwanza.
Linanguruma kama lori linalopanda mlima
na halifiki.
Humo ndani watu wamezoea kupaza sauti juu yake,
au kutosema kabisa.

Otilia yuko jikoni. Remedios yuko mbele, anahudumia.
Dada wawili, kidirisha kimoja kati yao,
na miaka kumi na mmoja ya kununiana:
kisa shamba la parachichi, au mume, au kijiko cha fedha,
inategemea umemuuliza nani na amekunywa nini.
Kinachopita dirishani ni sahani na maneno ya kazi.
Mbili za kuku. Meza ya nne, bila kitunguu.
Tortiya. Tortiya, nimesema!

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Mimi nilishika bisibisi.

Nikachomoa waya.

Mungu wangu, ule ukimya.
Nilisikia pilipili kikaangoni, moja moja, zikivimba ngozi.
Nilisikia kalamu ya Uriel, mtoto wa Remedios,
ikikwama kwenye theluthi mbili kutoa robo.
Nilisikia viganja vya Otilia vikipiga donge la unga,
kofi, kofi,
kisha vikasita.

"Mole imezidi chumvi," akasema Remedios.
Hakukiambia kidirisha. Alisema chini chini,
kama mtu anayejisemea akitafuta funguo.
"Ni mkono wa mama," kidirisha kikajibu.
"Mama haoni vizuri siku hizi."
"Najua haoni."
"Jana alitia chumvi kwenye kahawa yangu."
"Ukainywa?"
"Nikainywa."

Kisha kitu nisichokitambua mara moja,
maana hakikufanana na kicheko:
kifuniko cha sufuria kikisukumwa na mvuke.

Sasa nitakiri, mafundi wenzangu wanisamehe.
Kazi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa feni tu, imenasa
kizibo cha soda na shanga tatu za rozari.
Parafujo ya mwisho ilikuwa mfukoni mwangu, imepata joto,
nami nikabaki nimepiga magoti nyuma ya friji
nikipangusa bomba lililokuwa safi.

Walizungumza juu ya macho ya mama. Daktari wa Puebla,
nauli, nani afungue mkahawa siku hiyo.
Shamba hawakuligusa.
Uriel akauliza jibu la hesabu; wakamjibu wote wawili kwa pamoja,
wakakosea wote wawili.

Bi Eduviges alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi,
uso umeelekea barabarani. Macho yake yamechoka,
masikio bado msichana.
Akaacha robo saa ipite, akaacha na ya pili,
kisha, bila kugeuka:
"Heladio. Nyama itaoza, mwanangu."

Nikakaza parafujo. Zee likakohoa, likanguruma.
"Meza ya pili, bila kitunguu!"
Sijui alikuwa nani. Sauti zao zinafanana,
na miaka yote hii sikuwa nimelijua hilo.

Nililipwa sahani ya mole.
Chumvi ilikuwa imezidi kweli. Niliimaliza,
nikafuta sahani kwa tortiya,
nikamwambia Bi Eduviges nitarudi Alhamisi kulitazama tena,
maana zee kama hili haliaminiki.