Hodi ya Saa Mbili Asubuhi

Kazi yangu ni kupiga hodi baharini.
Nina boti ya plastiki yenye injini ya kukohoa,
ndoo ambayo chini nimeitia kioo,
na fulana ya halmashauri ya Formentera
iliyopauka mgongoni, nembo imebaki nusu.
Saa mbili asubuhi nagonga ubavu wa boti
iliyo ndefu kuliko mtaa niliozaliwa.
Hutokea bwana mwenye taulo na kikombe cha kahawa,
hunitazama kama aliyeletewa bili ya meza nyingine.

"Bwana, nanga yako imetua juu ya nyasi."
"Nyasi gani? Naona maji tu."

Basi nampa ndoo.
Ukiizamisha kidogo, bahari huacha kumetameta,
hufunguka kama dirisha.
Wengi hucheka kwanza.

Si mwani ule, namwambia. Mwani hushikilia jiwe, basi.
Hizi ni nyasi: zina mizizi, zina shina,
hutoa maua vuli, na matunda
ya kijani, mfano wa zeituni changa.
Pweza ana mlango humo. Vifaranga vya samaki
hujificha humo mpaka wapate ujasiri.
Na mchanga huu mweupe uliokuleta kutoka mbali,
mizizi hiyo ndiyo iliyoufumbata.

Kwa mwaka, hutambaa upana wa ukucha.
Ukucha mmoja!
Jana usiku upepo uligeuka mara mbili,
mnyororo wako ukageuka nao,
ukachora duara chini kama bikari ya mwanafunzi.
Mjukuu wa mjukuu wangu atalikuta duara hilo.
Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia.
Hapa hatuna tembo. Nanga moja yatosha.

Babu Xumeu aliezeka nyumba kwa majani hayo,
yaliyotupwa pwani na mawimbi, yakakauka:
tabaka la majani, tabaka la majivu, juu udongo.
Mvua ya Januari ilipiga hodi paani
miaka sitini, haikufunguliwa.
Siku hizi hoteli huleta trekta kabla ya wageni,
hukwangua majani yote, ati yananuka.
Dhoruba ya Oktoba ikachukua ufuo.
Meneja Llorenç akaniuliza, mchanga umekwenda wapi?
Nikamwambia: umefuata shuka lake.

Sipandishi sauti, na ninayo sababu.
Nilipokuwa na miaka kumi na tisa
nilipika na kufagia kwenye boti ya Mjerumani,
na kidole kilichobonyeza kitufe cha nanga
kilikuwa hiki.
Watu husema kung'oa nanga.
Mimi nimeiona nanga ikipanda na kilichong'olewa:
kishada cha mizizi, kahawia, chenye nywele,
na konokono mdogo aliyeshangaa.
Nilikisukuma kwa mguu, kikarudi majini.
Nikaenda kukatakata nyanya.

Sasa tuna maboya, yamefungwa kwenye mchanga mtupu;
funga kamba hapo, lala unono, hudhuru kitu.
Na baada ya dhoruba, mimi na Eulària wa shuleni
huokota vichipukizi vilivyokatika,
huvipeleka chini, tukavishikiza kwa vipini vya chuma
kama mama anayembana mwana nywele.
Machi tulipanda mia mbili na kumi.
Juni tulihesabu themanini na tatu.
Eulària alilia ndani ya barakoa,
jambo ambalo simshauri mtu.
Kisha tukahesabu upya, tukapata themanini na nne.

Leo bwana wa taulo hakusema neno.
Alikaa na ile ndoo, uso ndani, kahawa ikapoa,
mkewe akamwita mara tatu.
Aliondoa nanga polepole, akaenda kwenye boya,
ila ndoo alikataa kuirudisha.
Nikamwachia. Ninayo nyingine.

Bado boti kumi na nne.